Kumfundisha mtoto wa darasa la nne habari za Buddha, Uchina na Japani: mimi nilianza na Punda wa Dobi

Mwalimu wa Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 11 nafundisha kusini mwa London. Watoto wangu wana miaka 8 na 9. Kila mwaka tuna wiki sita za somo la Ubudha, na tangu nilipolitaja somo hilo kwenye uzi mwingine nimeulizwa maswali mengi. Nimeona nifungue uzi kabisa, kwa sababu hili jambo nalipenda na naona wengi wanaliogopa bila kulijua.

Kwanza niseme Uingereza wanafanyaje. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ililazimisha shule za serikali kufundisha dini, na mzazi akapewa haki ya kumtoa mwanawe kwenye kipindi. Sheria ya 1988 ikataka dini nyingine kubwa zilizopo nchini nazo zisomwe pamoja na Ukristo. Nyumbani tumezoea kipindi cha dini kikifika Waislamu wanakwenda kwa ustadhi, Wakristo kwa katekista au mchungaji. Hapa wote wanabaki kwenye madawati yao, na dini ya mtu inasomwa kama historia inavyosomwa. Hakuna anayeombwa asadiki.

Kabla sijapewa darasa langu nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule nyingine. Somo la Ubudha pale lilikuwa hivi: mtoto anapewa karatasi yenye picha ya mzee mnene, tumbo wazi, anacheka. Aipake rangi. Pembeni kuna joka, dubu panda na vijiti vya kulia. Kisha watoto wanakunja miguu, wanafumba macho, wanavuta "ommm" dakika mbili, kengele inalia. Darasani alikuwepo mtoto wa Kivietnamu ambaye nyumbani kwao kuna madhabahu, na bibi yake huchoma udi asubuhi. Aliipaka rangi ile karatasi kama wenzake, hakusema neno. Mtoto yule alijua zaidi ya sisi watu wazima wote tuliokuwa mle ndani, na hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Yule mzee mnene, mnayemwona hata kwenye maduka ya bidhaa za Kichina huko nyumbani, siye Buddha wa asili. Anaitwa Budai, mtawa wa Kichina anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 10, na jina lake maana yake ni mfuko wa kitambaa, ule aliokuwa akitembea nao begani. Wachina wengi humwona kama sura ya Maitreya, yaani Buddha atakayekuja. Buddha wa asili, Siddhartha Gautama, ni mtu mwingine. Alizaliwa Lumbini, ambako leo ni Nepal, akafundisha kaskazini mwa India miaka mia nne au mia tano kabla ya Kristo. Zipo sanamu zinazomwonyesha wakati alipojinyima chakula, mbavu zimetoka unaweza kuzihesabu.

Basi nilipopata darasa langu nilijiuliza: mtoto wa miaka 8 nimfikishe vipi huko bila kumbabaisha? Jibu lilikuja kwa sauti ya marehemu bibi yangu wa Pangani.

Nani humu hakusimuliwa Kima na Papa? Mkuyu mkubwa ufukweni, nusu ya matawi baharini, nusu nchi kavu. Kima anakula kuyu na kumtupia rafiki yake Papa. Siku moja Papa anambeba mgongoni kwenda kwao, na katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wetu anaumwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, ungesema mapema, sisi tukisafiri mioyo tunaiacha mitini! Wakarudi. Kima akapanda juu, kimya. Papa akimwita, anamjibu: unanifanya mimi punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio? Ndiyo hiyo Punda wa Dobi. Askofu Edward Steere aliinukuu Unguja na kuichapisha mwaka 1870 kwa Kiswahili na Kiingereza.

Sasa sikilizeni. Katika Jataka, mkusanyiko wa hadithi 547 ambazo Wabudha husimulia juu ya maisha ya Buddha kabla hajazaliwa Siddhartha, imo hadithi ya nyani na mamba wa mto Ganges. Mke wa mamba ana hamu ya moyo wa nyani. Mamba anambeba, katikati ya mto anaanza kuzama naye. Nyani anamwonyesha mti ng'ambo na kumwambia, mioyo yetu ile pale, inaning'inia. Na mti wenyewe ni wa jamii hiyohiyo ya mikuyu! Kwa Wabudha, nyani yule ndiye Buddha katika maisha yake ya zamani. Kipande cha punda asiye na moyo wala masikio nacho kimo kwenye Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za Kihindi.

Hadithi hiyo ilikwenda pia mashariki. Wakorea wana sungura na kobe: mfalme joka wa baharini anaumwa, anatakiwa ini la sungura, na sungura anasema nimeliacha nyumbani. Imo katika Samguk Sagi, kitabu chao cha historia kilichokamilika mwaka 1145, ila humo mgonjwa ni binti wa mfalme joka. Wajapani wanasimulia kwamba ini lililotakiwa lilikuwa la nyani, kiwavi wa baharini akaropoka siri, akapigwa mpaka mifupa ikamtoka, ndiyo maana hana mfupa hadi leo.

Kwa hiyo siku ya kwanza sitaji Buddha. Natandika ramani sakafuni, nawasimulia ya bibi yangu kwa sauti zake zote, kisha tunaweka kokoto: Pangani, Ganges, Korea, Japani. Ndipo nauliza, nani aliibeba hadithi hii? Wanasema wafanyabiashara, mabaharia, mama zao. Naongeza: na watawa waliotembea kwa miguu na vitabu mgongoni. Hapo mlango umefunguka.

Naenda kupika, nitaendelea. Maswali yaleteni.

---

Mama Wawili, Dar

Dada asante, umenirudisha mbali. Ila nikuulize bila kukuficha. Mimi ni Muislamu, wanangu wako madrasa. Ukimwambia mtoto habari za maisha ya kabla ya kuzaliwa, na sanamu, na ubani, huoni kwamba unampandikiza shirki kidogokidogo? Mtoto hajui kupambanua.

---

Mwalimu wa Ughaibuni

Dada yangu, swali lako ni la haki, na mimi nilishawahi kulikosea. Mwaka wangu wa kwanza nilileta sanamu ndogo darasani, nikawaambia watoto wote waunganishe viganja na kuinama mbele yake "ili waone inavyokuwa". Kesho yake mama mmoja wa Kisomali alinisubiri getini. Hakupiga kelele. Aliniambia: mwalimu, mwanangu kujua jirani anaabudu nini nataka, lakini jana ulimwinamisha. Nilimwomba radhi palepale, na jioni nikaandika barua kwa wazazi wote.

Tangu siku ile nina mipaka yangu. Sisemi "tunaamini", nasema "Wabudha wanaamini", na watoto nao wanasema hivyo, hata kwenye madaftari. Tendo la ibada tunaliangalia, tunalieleza, tunauliza maana yake, hatulifanyi. Sanamu inakaa juu ya meza yenye kitambaa safi, hatuichezei wala hatuisujudii. Na kabla ya wiki sita kuanza kila mzazi anapata orodha ya nitakayofundisha, wiki kwa wiki. Kwa utaratibu huu, miaka yote hiyo ni wazazi wawili tu waliowatoa watoto wao, na sikuwalaumu.

Kuhusu kupambanua: watoto wanapambanua kuliko tunavyodhani. Niliwaonyesha shanga 108 wanazotumia Wabudha wengi kuhesabia maombi. Mtoto wa Kiislamu akasema babu yangu ana tasbihi, zake ni 99. Mpolandi akasema rozari. Nikawaachia wazungumze wenyewe, na hakuna aliyechanganya zake na za mwenzake. Kila mmoja alikwenda nyumbani kuuliza zake zina maana gani. Mama mmoja aliniambia ni mara ya kwanza mwanawe kumuuliza tasbihi inasomwaje.

---

Fundi Reli, Mombasa

Mleta uzi, hapa naomba unifunze. Nilifanya kazi na Wachina kwenye ujenzi wa reli mpaka ilipozinduliwa 2017. Miaka hiyo yote sikuona hata mmoja akimwomba Buddha. Mwaka wao mpya walikuwa wanapika, wanabandika karatasi nyekundu mlangoni, basi. Sasa Ubudha na Wachina vinahusianaje?

---

Mwalimu wa Ughaibuni

Kaka, umegusa penye makosa mengi zaidi, hata vitabuni. Ubudha haukuanzia Uchina. Ulifika huko kutoka India na Asia ya Kati kama miaka 2000 iliyopita, ukawakuta wenyeji wana mafundisho yao ya kale, ya Confucius na ya Dao, na kuheshimu mababu, ukakaa nayo nyumba moja. Kutoka Uchina ukavuka kwenda Korea karne ya 4, na Korea ikaupeleka Japani karne ya 6. Wachina wengi leo ukiwauliza dini watakwambia hawana, lakini huyohuyo Aprili anakwenda kufagia kaburi la babu yake.

Ile karatasi nyekundu mlangoni, joka, vijiti vya kulia, hivyo ni utamaduni. Si Ubudha. Kwa hiyo ubaoni nina vikapu viwili, "dini" na "desturi", na watoto wanaweka picha wanapoona panafaa. Kuvua viatu mlangoni Japani? Desturi. Kengele ya hekalu kupigwa mara 108 usiku wa mwaka mpya? Dini. Kuna picha zinazogombewa, na hapo ndipo somo linanoga. Watoto Wajapani wanapommiminia mtoto Buddha chai tamu tarehe 8 Aprili, katika kibanda kilichofunikwa maua, wengine wanakwenda kwa imani na wengine kwa sababu bibi amesema twende. Nawaachia waweke katikati.

Jambo linalowashangaza wazazi wangu hapa: Japani kwenyewe, katiba ya 1947 imekataza shule za serikali kufundisha imani ya dini. Lakini darasa zima litapelekwa mji wa Nara kwa ziara ya shule na kusimama chini ya Buddha wa shaba wa hekalu la Todai-ji, urefu karibu mita 15, aliyekamilishwa karne ya 8.

Na wewe kaka uliyekula nao mwaka mpya, wanao wako ungewasimulia ulichokiona. Kingewaingia kuliko kitabu.

---

Ticha Lushoto

Shikamoo dada. Mimi nafundisha la nne huku milimani, watoto 71 darasani. Kwenye maarifa ya jamii napenda kuwapeleka mbali kidogo, ila sina sanamu, sina projekta, ramani yenyewe imechanika. Nianze na nini?

---

Mwalimu wa Ughaibuni

Marahaba mdogo wangu, na pole na hao 71. Una mayai? Basi una Daruma.

Daruma ni mwanasesere mwekundu wa Kijapani, hana mikono wala miguu, macho meupe matupu. Mji wa Takasaki ndio maarufu kwa kuwatengeneza. Ni Bodhidharma huyo, mtawa aliyekwenda Uchina kutoka magharibi, na watu humsimulia kwamba alikaa miaka tisa ameutazama ukuta pale Shaolin mpaka miguu ikanyauka. Shaolin watoto watakuwa wanaijua kwenye vibanda vya video. Mtu akinuia jambo, anampaka Daruma jicho moja. Likitimia, anampaka la pili. Na ukimsukuma anasimama mwenyewe. Wajapani husema: anguka mara saba, inuka mara nane.

Yai la kienyeji ndilo zuri, ni dogo. Toboa juu tundu la kuingia kidole kidogo, mimina, osha, acha likauke siku mbili. Viringisha udongo wa mfinyanzi kiasi cha gololi, dondosha chini katikati kabisa. Kisha matone ya mshumaa juu yake ili usihame. Hapa kuwa makini, udongo ukiegemea upande mmoja yai litasimama kichwa upande kama mtu mwenye shingo mbaya. Ziba tundu kwa kipande cha karatasi na uji wa unga. Paka nyekundu, uache uso. Mayai ya watoto 71 ni gharama, fanyeni moja kwa meza. Yaliyomo ndani ya mayai yasitupwe, mpikaji wa shule atajua la kufanya.

Hadithi nayo ya kuwapa ni ya sungura. Sungura wetu ni mjanja, mwizi wa visima. Wa Jataka ni mwingine. Ombaomba alimjia, naye hana kitu ila majani, ambayo mtu hali. Akamwambia koka moto. Akajikung'uta manyoya mara tatu, wadudu waliokuwa mwilini wasiungue naye, akaruka motoni. Moto haukumchoma, ulikuwa baridi. Ombaomba alikuwa Sakka, mfalme wa miungu, akachora sura ya sungura mwezini ili asisahauliwe. Mchina naye akitazama mwezi mpevu anamwona sungura anatwanga dawa, Mjapani anasema anatwanga mochi, ule ugali wao wa mchele unaonata. Vivyo hivyo Mkorea na tteok, keki yao ya mchele. Kinu na mchi, mdogo wangu! Watoto wa Lushoto hawahitaji kuelezwa kinu.

---

Mama Wawili, Dar

Hapo pa kukung'uta wadudu nimesimama kidogo. Dada, na mauti unawaambiaje? Maana nasikia Wabudha ndiyo habari yao kubwa.

---

Mwalimu wa Ughaibuni

Ni kweli, na ndilo somo ninalojiandaa nalo zaidi. Siddhartha aliondoka kwao akiwa na miaka 29 baada ya kuona mzee, mgonjwa, maiti, na mtu aliyeacha dunia akiwa ametulia. Siwafichi watoto. Lakini kwanza napitia orodha ya darasa, nani kafiwa mwaka huu.

Mwaka juzi alikuwepo kijana wa Bukavu, Kiswahili chake cha Kivu tulikuwa tunakiongea wawili tu pembeni. Bibi yake alikuwa amefariki kule, hawakuweza kusafiri kuzika. Nilimpigia mama yake kwanza, akasema mwache asikie. Nikasimulia habari ya Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto, akambeba mgongoni akitafuta dawa. Buddha akamwambia niletee punje ya haradali kutoka nyumba ambayo hajafa mtu. Akabisha hodi mlango kwa mlango. Haradali kila nyumba wanayo, na kila nyumba wamezika. Mpaka jioni akaelewa, akampeleka mwanawe kumpumzisha.

Nilikuwa na haradali kwenye kisosi, kila mtoto akachukua punje moja kiganjani. Hatukusema kitu muda mrefu.

Wiki iliyofuata nikawapeleka Battersea, kwenye pagoda ya amani, yaani mnara wa Kibudha, kando ya mto Thames. Ilijengwa na watawa na wafuasi wa Nipponzan Myohoji, jumuiya ya Kibudha ya Japani, ikafunguliwa Mei 1985. Mwanzilishi wao, Nichidatsu Fujii, aliyewahi kukutana na Gandhi, alianza kujenga pagoda hizi baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, akafariki Januari ya mwaka huohuo akiwa na miaka 99. Pande nne kuna sanamu nne za rangi ya dhahabu za Buddha: kuzaliwa kwake, kuamka kwake kiroho, kufundisha, na kufa, ambapo amelala ubavu.

Watoto wengine walikuwa wanakimbilia bata. Kijana wangu alisimama mbele ya ile ya kulala. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, huyu naye alikufa?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa na miaka 80. Akasema, "Koko wangu alikuwa na 72." Koko ndivyo anavyomwita bibi. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi, amekunja ile punje ya haradali ndani. Akanionyesha, akaikunja tena, akairudisha.

---

Ticha Lushoto

Mrejesho, dada. Wiki tatu zimepita.

Mayai 12, mawili yalipasuka, kumi yamesimama. Hadithi ya sungura niliwapa Ijumaa, wakagoma kabisa. "Sungura gani huyo, ticha? Sungura hajitoi hivyo!" Ubishi ulikuwa mkubwa, nikawaachia. Bahati nzuri mwezi ulikuwa mpevu, na huku hakuna taa za barabarani. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi walikuwa wananisubiri mlangoni. Thelathini na kitu wamemwona, na mchi wake. Wachache wanasema ni mama amebeba kuni, ndivyo bibi zao walivyowaambia. Tumeandika yote mawili ubaoni.

Daruma wako dirishani, jicho moja moja. Wamenuia upimaji wa darasa la nne. Kila asubuhi kuna anayewasukuma kuona kama bado wanasimama.